Uzi: Vyombo vya asili vya nyumba ya Kisamoa (mti, kifuu, kuti, mkadi) – vinavyotengenezwa, vinavyoharibika na kwa nini

#1 FundiTezo (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Kwenye uzi wa vyungu kuna aliyeuliza watu wa Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, walikuwa wanaweka wapi maji, chakula na mafuta ilhali hawafinyangi. Swali hilo linastahili uzi wake.

Kwanza tuelewane: wahenga wao walifinyanga. Vigae vya Lapita (ufinyanzi wa kale wa Pasifiki) vilizolewa baharini Mulifanua, magharibi mwa kisiwa cha Upolu, miaka ya 1970 wakati gati la feri linachimbwa, na umri wake ni kama miaka 2,800. Baadaye ufinyanzi ukaachwa kabisa. Upishi wao nao hauhitaji chungu, kwa sababu chakula huivia kwenye umu: mawe yaliyokolea moto, yamepangwa juu ya ardhi, chakula juu yake, kisha majani ya kufunikia. Sufuria ya hapo ni jani.

Mimi vyombo vyao navipanga kwa umri. Kuna cha mlo mmoja (jani la mgomba), cha siku chache (pakacha la kuti, kwao 'ato launiu), cha miaka michache ('ato laufala, kikapu cha mkadi), cha miaka mingi (kifuu) na cha vizazi (mti). Atakayesahau mpangilio huu atalaumu pakacha bure kwa kuoza.

Nianze na mti. Tanoa ni bakuli pana la mviringo lenye miguu mingi, la kuchanganyia 'ava, kinywaji cha mizizi ya Piper methysticum. 'Umete ni chano chenye kina, cha jikoni: humo hukamuliwa tui, huchanganywa vyakula na hupakuliwa. Mti unaopendwa ni ifilele (Intsia bijuga), mzito, mwekundu wa kahawia, usioliwa ovyo na mchwa. Milo nao hutumika. Huo ni mtakawa wetu wa pwani, Thespesia populnea. Kijiji cha Uafato, ghuba ya Fagaloa kaskazini-mashariki mwa Upolu, kinasifika kwa msitu wa ifilele unaoshuka hadi karibu na bahari na kwa wachongaji wake.

Tanoa halisi hutoka kwenye gogo moja, bakuli na miguu pamoja. Gogo hupasuliwa kwa urefu na moyo wake huondolewa. Moyo ukibaki kwenye sakafu ya bakuli, ufa utakuja tu: mti unapokauka husinyaa zaidi kufuata mzingo wa pete zake kuliko kuelekea katikati, na mvutano huo unamalizikia moyoni. Kazi ya mwanzo hufanywa mti ukiwa mbichi, kwa tezo, maana ifilele iliyokauka inakula makali ya chuma. Kwa bakuli la upana wa sentimita 40, acha ukuta wa sentimita 4 hivi, weka kivulini pasipo upepo mkali mpaka uzito uache kushuka, ndipo umalizie hadi sentimita 2. Ukikimbilia kumaliza siku hiyohiyo, mdomo utapinda uwe yai.

Sasa miguu, maana ndiyo inayovunjika. Nyuzi za mti kwenye bakuli zimelala, zinafuata urefu wa gogo. Mguu unasimama, kwa hiyo nyuzi zinaukata kwa upana. Mguu mrefu na mwembamba hukatika kama biskuti ukigongwa ubavuni. Ndiyo sababu miguu ya tanoa ni mifupi, minene, mingi, na inagawana uzito. Chini ya mdomo huachwa kishikio kidogo chenye tundu, humo hupita kamba ya kutundikia. Kishikio hicho kichorwe kabla ya kugusa mguu hata mmoja, la sivyo mti wake utakuwa umeshachongwa ukaisha.

#2 Mkwezi_Asilia

Mkuu, shukrani. Maswali mawili. Ifilele inatoa rangi majini? Mbao za jamii hiyo zinazouzwa kwa jina la merbau zikinyeshewa huacha maji mekundu sakafuni. Na kwa huku kwetu, mti gani unakaribiana nao?

#3 FundiTezo

Inatoa, tena sana. Ni tanini, ile dawa ya mitini inayotumika kusindika ngozi za wanyama. Bakuli jipya hujazwa maji baridi, yakigeuka rangi yanamwagwa, yanawekwa mengine, mpaka yabaki meupe. Usiruke hatua hii. 'Ava au tui vitachukua rangi na uchungu. Halafu epuka chuma chenye unyevu: msumari au sufi ya chuma (steel wool) ikiachwa juu ya ifilele mbichi huacha doa jeusi linaloingia ndani, na kulitoa ni kuchonga upya.

Kwa kwetu, ndugu yake wa karibu ni mbambakofi (Afzelia quanzensis, bara wengine huuita mkongo). Ni koo moja, uzito unakaribiana, nao hupenda kuchongwa mbichi.

Usafi: maji baridi, kiganja, basi. Sabuni huingia kwenye vinyweleo vya mti na hutoka kwenye kinywaji kinachofuata. Tanoa iliyotumika miaka mingi hujenga utando laini wa kijivu unaong'aa ndani yake, unatokana na 'ava yenyewe. Ukikuta tanoa ya zamani yenye utando huo, ukausugua utoke, umeifuta historia yake na thamani yake kwa pamoja. 'Umete ni tofauti, ule wa tui lazima usuguliwe kwa makumbi na maji ya moto siku hiyohiyo, kwa sababu mafuta ya nazi yakilala ndani ya mti huchacha na harufu haiondoki.

#4 BintiUkili

Kaka FundiTezo umetutendea haki kwenye mti. Mimi nichukue kuti na mkadi.

'Ato launiu ni pakacha, na msukaji wa Pemba akiliona atalitambua papo hapo. Huchukui kuti lote. Kata kipande cha katikati, mahali majani ni marefu na yamelingana, chenye majani 20 kila upande. Pasua uti wa kuti ubaki na vipande viwili, kila kimoja kina majani yake upande mmoja. Sasa hivyo vipande vipunguzwe kwa kisu mpaka viwe na unene wa penseli hivi. Hapa ndipo pakacha linapofaulu au kufeli: kikiwa kinene, hakikunjiki, kinapasuka kwenye pembe za mdomo, kikiwa chembamba mno, jani linachomoka na shina lake ukibeba magimbi.

Viunge viwe duara, hiyo ndiyo midomo ya kikapu, majani yananing'inia chini. Majani yote yana mwelekeo mmoja wa asili, kwa hiyo la kwanza liachwe liende kulia, la pili lipindwe kushoto, la tatu kulia, la nne kushoto. Idadi lazima iwe shufwa, vinginevyo jani moja litabaki bila mwenzake na utaacha tundu. Suka juu-chini mistari minne au mitano, upande unaong'aa ukiwa nje. Kila mstari uvute majani yakaze kabla ya kuanza unaofuata. Huwezi kurudi kukaza baadaye.

Kitako: kutanisha pande mbili, anza msuko wa nyuzi tatu, na kila hatua ongeza jani moja kutoka upande huu na moja kutoka upande ule. Msuko huu ndio unaobeba mzigo wote. Ukifika mwisho, piga fundo, geuza, rudi na mabaki ndani. Watu wengi husuka ubavu vizuri halafu kitako wanakifunga kwa haraka, na kikapu kinafunguka njiani kama zipu.

Kuti lenyewe lisiwe la chini kabisa lililoanza kugeuka manjano, hilo hukatika kwenye mkunjo. Wala lisiwe la kilele, laini mno na unauumiza mnazi. Lisukwe siku lilipokatwa. Likikauka jani husinyaa na nafasi hufunguka, kwa hiyo pakacha la Kisamoa ni la kazi ya leo: kutoa magimbi na mashelisheli shambani, mawili yananing'inia kwenye mti wa kubebea begani, moja mbele moja nyuma. Likizeeka linaingia kwenye moto wa umu.

Kwa kuti hilohilo husukwa pia laulau, sinia la kupakulia, halina mbavu. Hilo ni jepesi, nalipita.

Mkadi ni habari nyingine. Kwa vikapu na mikeka migumu hutumia laupaogo na laufala. Ile lau'ie laini sana huwekwa kwa ajili ya 'ie toga, mikeka ya heshima, usiiharibu kwenye kikapu. Jani lina miiba kingo zote mbili na mgongoni. Itolewe yote kabla ya kitu kingine. Kisha jani huanikwa juani, hukusanywa jioni na kila mvua inapotishia, maana usiku mmoja wa umande unatosha kuacha madoa meusi ya ukungu yasiyotoka. Likishakauka hukwaruzwa kwa ukingo wa kombe lilainike, huviringishwa kama gurudumu likae bapa, na mwisho huchanwa ukanda. Kwa kikapu cha sokoni ukanda wa sentimita 1 hadi 1.5 unatosha. Ukanda usiolingana upana ndio unaofanya kikapu kisimame upande. Hakuna ufundi wa kusuka utakaoficha hilo.

#5 Kizimkazi_Kamba

Dada BintiUkili, nikuombe uguse ukavu wa jani. Miyaa yetu huloweshwa kidogo kabla ya kusuka. Mkadi je?

#6 BintiUkili

Upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu, kaka. Ukiulowesha unavimba, unasuka umekaza, ukikauka unalegea na kikapu kizima kinacheza.

#7 MamaVifuu

Naona kifuu kimesahaulika, nacho ndicho kilichokuwa mtungi wa maji.

Kikombe kwanza. Ipu tau 'ava ni nusu kifuu. Nazi iwe pevu iliyokomaa kabisa, kifuu cheusi. Cha koroma ni laini, kinapinda na kunywea maji. Chukua nusu isiyo na macho. Nusu yenye macho ina matundu matatu, moja ni laini na litavuja hata ulizibe vipi. Chora mstari, kata taratibu kwa msumeno wa meno madogo ukizungusha nazi, usikate kutoka upande mmoja hadi wa pili, maana kifuu kikifikia mwisho hubanduka kipande. Kwangua nyama, halafu kwangua nyuzi za nje kwa kigae cha chupa au kombe. Sugua kwa jiwe la matumbawe na maji, kisha mchanga laini, mwisho mafuta ya nazi kwa kitambaa. Mdomo ndio usugue kuliko pengine popote, kwa sababu unagusa midomo ya watu na ndipo ufa unapoanzia. Kikombe kizuri ukikiinua juani kinapitisha mwanga wa rangi ya asali ukingoni.

Chupa ya maji ni nazi nzima. Fua, toboa jicho laini, mwaga maji yake. Nyama iliyomo huwezi kuifikia kwa kisu, kwa hiyo inaozeshwa: jaza maji ya bahari, acha, mwaga, jaza tena, mpaka nyama ilegee na kutoka vipande vipande. Tia mchanga na changarawe ndogo, tikisa kwa nguvu, suuza kwa maji baridi mara nyingi. Kizibo ni jani lililokunjwa. Kamba hupitishwa kwenye upande wa macho, chupa mbili hufungwa pamoja ili zitundikwe nguzoni au zibebwe pande mbili. Chupa ndogo za namna hiyo zilitunza mafuta ya kujipaka.

Kosa kubwa ni kuziba chupa kabla haijakauka ndani. Mabaki kidogo ya nyama yatachacha, maji yatanuka, na mtu atasema kifuu hakifai. Inuse kwanza. Kama inanuka, rudisha mchanga.

#8 JichoLaTatu

Mama, shikamoo. Samahani kwa kupinga kidogo: kuozesha nyama ndani ya chombo cha maji ya kunywa si salama kiafya. Kwa nini wasikate kifuu juu, wakwangue, kikawa na kifuniko?

#9 MamaVifuu

Marahaba mwanangu. Ukikata juu umepata bakuli, siyo chupa. Maji yatamwagika njiani, vumbi na mbu wataingia. Tundu dogo la jicho ndilo linaloifanya iwe chupa. Kuhusu afya, kinachooza kinatolewa chote kabla ya kutumika, na kifuu kikiisha kusafishwa hakina kitu cha kuoza, ni kigumu kuliko mbao nyingi. Kwa matumizi ya leo, baada ya mchanga jaza maji yaliyochemka, yaache yapoe, mwaga, rudia, kisha kausha juani mdomo ukiangalia chini.

#10 Kizimkazi_Kamba

Kamba iliyotajwa ni 'afa, nami nitaizungumza kwa sababu ndiyo inayoshikilia kila kitu hapo: chupa, kishikio cha tanoa, mtumbwi na hata nguzo za nyumba yenyewe, fale.

Kuna aina ya mnazi wanayoiita niu 'afa, nazi yake ni ndefu na kumbi lake lina nyuzi ndefu. Kumbi huchukuliwa kabla nazi haijakauka mtini, maana nyuzi za kumbi kavu ni za kahawia na zinakatika. Huloweshwa kwenye maji ya bahari, yakibanwa kwa mawe, wiki kadhaa. Wanaoishi Unguja wanajua kazi hii, kina mama wa pwani hufukia makumbi mchangani mahali bahari inapojaa na kupwa. Sababu ni moja: ule unga unaoshikanisha nyuzi lazima ulegee. Ukitoa mapema, utapiga mpaka mkono uchoke na nyuzi zitabaki na magamba. Ukichelewa sana, nyuzi zenyewe zinalegea na kupoteza nguvu.

Baada ya hapo hupigwa kwa nyundo ya mti juu ya kigogo, husafishwa majini, huanikwa. Nyuzi chache huviringishwa pajani kwa kiganja ziwe uzi mfupi, kisha nyuzi tatu husukwa. Kuunga ndiko penye ufundi. Usiunge nyuzi zote tatu mahali pamoja. Ongeza moja, suka, ongeza nyingine, ili viungo vipishane. Kamba ikikatika, angalia, utakuta imekatikia mahali viungo viwili vilipokutana. Kazi hii ni ya wazee wa kiume hasa, huisuka wakiwa wamekaa kwenye mazungumzo.

#11 Mkwezi_Asilia

Naongeza tahadhari kwa wanaotaka makuti. Samoa ilivamiwa na mbawakawa wa nazi, Oryctes rhinoceros, mwaka 1909, ndiko alikoanzia Pasifiki. Huyo ni ndugu wa chonga wetu, Oryctes monoceros. Anatoboa kilele kabla kuti halijafunguka, kwa hiyo likichanua unaona majani yamekatwa kama kwa mkasi, umbo la V. Kuti hilo halifai kwa pakacha, majani hayalingani urefu na safu moja ya mstari hukosa ncha. Lifanye pola, pazia la kuti la kuzuia jua, au ulichome. Mwaka 1967 Samoa iliachia kirusi kinachoua mbawakawa hao na hasara ilipungua sana. Njia nyingine ni kutoacha magogo ya minazi yaliyooza shambani, humo ndimo anapotagia.

#12 JikoLaPwani

Mmesema sufuria ni jani lakini hakuna aliyelieleza. Palusami, majani ya magimbi yaliyofungiwa tui, ndiyo mfano bora, kwa sababu ina vyombo vitatu, kimoja ndani ya kingine.

Cha ndani kinaliwa: majani machanga ya magimbi, manne hadi sita, makubwa chini na madogo juu, yamelazwa kwenye kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Vikonyo vikatwe. Mimina tui zito (pe'epe'e) kiasi cha nusu kikombe, mililita 120 hivi, lenye chumvi na kitunguu. Kusanya kingo juu, zungusha. Cha pili ni jani la mgomba, lililopitishwa juu ya moto mpaka linang'aa na kulegea. Jani lisilopashwa hupasuka kwenye mkunjo na tui lote linaishia kwenye mawe. Ugumu wa katikati wa jani utolewe. Cha tatu ni jani la mshelisheli, pana na gumu, linalobeba kishungi kisiungue.

Ipikwe saa nzima, isipungue dakika 45. Majani ya magimbi yana chembe kali za oksaleti, yakiwa hayajaiva yanawasha koo. Mlaji akiwashwa, mara nyingi kosa ni moto mdogo au umu iliyofunuliwa mapema.

Na tui jepesi halifai. Litapenya.

#13 JichoLaTatu

Nimeelewa, JikoLaPwani. Swali la mwisho ni la biashara. Samoa ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya matumizi ya mara moja tangu 30 Januari 2019, Tanzania Bara ikafuata 1 Juni mwaka huohuo, Kenya ilitangulia 2017. Je, 'ato inaweza kweli kuchukua nafasi ya mfuko?

#14 BintiUkili

Inategemea mzigo. Pakacha la kuti linabeba vyema vitu vya shambani: magimbi, nazi, samaki wa kuliwa leo. Unga na sukari utavuja, na nyama itaacha maji yake kwenye msuko. Kwa sokoni kila wiki chukua cha mkadi chenye mishikio iliyoanzia kitakoni, siyo iliyoshonewa mdomoni. Mshikio wa mdomoni hung'oa safu ya juu, kisha kikapu chote kinafumuka kutoka hapo. Mkanda wa mshikio upite chini ya kitako na utokeze upande wa pili, mzigo ukae juu yake.

Ukinunua kikapu, kigeuze kwanza. Kitako kisionyeshe mwanga, na ukibonyeza pembe kirudi chenyewe.

#15 FundiTezo

Kuhusu kutunza, kwa wale waliouliza inboksi. Mti na mkadi vina adui wawili: unyevu na vidudu. Mkadi utundikwe, usilazwe kwenye sakafu ya saruji. Ukiona unga laini wa njano chini ya bakuli au kikapu, kuna mdudu ndani. Kifunge kwenye mfuko na ukiweke kwenye friza kali wiki mbili, kisha kiache kirudie joto kikiwa bado kimefungwa ili mvuke usigande juu yake. Tanoa kubwa isiyoingia kwenye friza itengwe na vyombo vingine, unga ufagiliwe na matundu yawekewe alama kwa penseli. Unga ukirudi kwenye tundu lenye alama, mdudu bado yu hai.

Anayesafiri na vyombo hivi kwenda New Zealand au Australia avitangaze forodhani. Kifuu kilichosuguliwa na mti uliochongwa safi mara nyingi hupita baada ya kukaguliwa. Pakacha bichi la kuti usihangaike nalo, liache Apia.

Ufa mwembamba kwenye bakuli usijazwe gundi ya dukani wakati mti bado unacheza. Usubiri msimu wa mvua na wa kiangazi upite. Ufa unaofunga wakati wa mvua na kufunguka wakati wa jua ukijazwa kiangazi, mvua ikija gundi itausukuma mti na ufa utarefuka. Jaza ukiwa katikati, na kama umefika mdomoni, toboa matundu madogo pande zote mbili uufunge kwa 'afa kabla haujafika kitakoni.